Sauti Isiyo na Waranti

Kishikwambi kilirudi dukani kikiwa kimefungwa vizuri kuliko kilivyoondoka. Kampuni ilikizungushia sponji, ikakitia kwenye boksi jipya lenye nembo yake, na juu ya sponji ikalaza kikaratasi chenye sentensi moja: programu imebadilishwa na mtumiaji, waranti haitumiki. Insa Dirksen alikisoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta, akakigeuza aone kama upande wa pili kuna neno la ziada. Hapakuwa na neno.

Duka lile la Pewsum, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Ujerumani, lilikuwa la baba yake kabla ya kuwa lake. Watu walileta redio, birika za umeme, televisheni na mashine za kufulia, naye alivitengeneza kwenye meza ileile aliyojifunzia utotoni, akivifungua vitu na kuvifunga tena mpaka siku moja hakubakiwa na skrubu mkononi. Hakuwa mtu wa kutoa hukumu haraka. Mteja akimuuliza kama kitu kitapona, jibu lake lilikuwa moja tu: tutaona. Lakini safari hii alijua kikaratasi kile kitafanya nini kikifika mikononi mwa wenye kishikwambi, Focko na Theda Ubben, na akatamani posta ingechelewa.

Mwaka uliotangulia, madaktari walimwambia Theda kwamba koo lake litakatwa ili apone, na sauti itaondoka na kilichokatwa. Katika siku zile za kungoja kisu, mumewe alimkalisha jikoni mbele ya kipaza sauti, naye akasema. Alisema maneno ya kila siku, majina ya watu, majina ya ndege wa kwenye matope ya bahari. Alisema funga mlango, na nani kamaliza siagi, na hiyo suruali itupe nimechoka kuiona. Focko alipomshauri aongeze maneno ya upole, Theda alimjibu kwamba ya upole anaweza kuyasema kwa macho, ya ugomvi ndiyo yanayohitaji sauti.

Bima ya afya ilikuwa tayari kumpa mashine yake ya kusemea. Mashine hiyo ilizungumza Kijerumani cha shuleni kwa sauti ya yule mwanamke anayetangaza treni. Theda hakuwahi kumpenda mtu wala kumtukana mtu kwa Kijerumani cha shuleni. Yeye alizaliwa ndani ya Kiplatt, lugha ya mashamba ya pwani ile, na ndani yake akaolewa na kuzeeka. Basi Focko, ambaye maisha yake yote alikuwa mtunza pampu inayotoa maji mashambani na kuyasukuma baharini, akanunua kishikwambi kwa Insa, akaiondoa programu ya kampuni yote na kujenga yake. Alijifunza vitabuni na kwa watu wa mtandaoni ambao hajawahi kuwaona sura. Majira yote ya baridi yaliishia hapo. Alipomaliza, kioo kilijaa vibonyezo vikubwa kama vipande vya mkate, kila kimoja na picha yake, na ukikibonyeza inatoka sauti ya Theda mwenyewe, na nyuma yake unasikia birika likichemka na saa ya ukutani ikigonga.

Kisha asubuhi moja, kabla hata mwaka haujatimia tangu kinunuliwe, kioo kikawa cheusi na hakikuwaka tena.

Kampuni ilikuwa imekubali kukitengeneza, kwa sharti moja. Utaratibu wake ulikuwa kuflashi kwanza, yaani kufuta kila kilichomo na kurudisha programu ya kiwandani, tena ile mpya. Na ile mpya ilikuwa na kufuli: kishikwambi kikishaipokea hakifunguki tena kwa mtu mwingine yeyote, na vyote vilivyouzwa tangu majira ya kuchipua vilikuja na kufuli hilo. Sauti zenyewe zilikuwa salama, Focko alikuwa na nakala ndani ya bati la biskuti. Lakini nakala haikai mapajani mwa mtu, wala haibishani naye mezani. Kuihamishia kazi yote kwenye mashine ya aina nyingine kungetaka kuijenga upya tangu msingi, na macho ya Focko hayakuwa tena yale ya majira ya baridi yaliyopita. Insa alipompelekea sharti la kampuni kwa simu, mzee alisema, "Ameshakatwa sauti mara moja. Mara ya pili sitaki."

Basi kampuni ikakirudisha bila kukitengeneza, nao wakaja dukani wote wawili. Focko alitangulia, kofia mkononi, na Theda nyuma yake na skafu ya bluu shingoni.

"Moin," akasema Focko, kama wanavyosalimiana pwani ile. Theda akatikisa kichwa.

Insa hakuzunguka mbuyu. Alimpa kikaratasi. Mzee alikisoma polepole, akampa mkewe, akaegemea kaunta.

"Waranti ni miaka miwili," alisema. "Karatasi yake ulinipa mwenyewe kwa mkono wako, binti Dirksen."

"Waranti ni ya kampuni, mzee Focko. Mimi kazi yangu kuipeleka tu."

"Kwa hiyo wewe ni posta."

"Posta inayouza birika."

Focko hakucheka. Waliendelea hivyo kwa muda, yeye akisema waranti na Insa akijibu waranti, neno likipita juu ya kaunta kwenda na kurudi kama mpira usiotaka kutua. Insa alimweleza kwamba kampuni ndiyo iliyoweka masharti, na sharti la kutobadili programu limo. Focko alisema programu haivunji kioo. Insa akasema pengine, lakini wao wanadai uthibitisho. Focko akauliza atathibitishaje kitu kilicho ndani ya boksi asiloruhusiwa kulifungua.

Theda aligonga kaunta kwa kucha. Alikuwa amekwisha kutoa penseli na bahasha ya zamani.

"Haya, sasa utaona," Focko akamwambia Insa. "Tangu mashine izime huyu ananiandikia kama ofisi ya ardhi. Jana nimeletewa karatasi: *Mheshimiwa Mume, unakumbushwa kutoa taka.*"

Haikuwa kosa lake. Watu wa umri wa Theda walizungumza Kiplatt nyumbani, ila shuleni walifundishwa kuandika Kijerumani tu, na baada ya shule barua zote walizopata zilitoka serikalini. Penseli ilipoingia mkononi mwake, mdomo wa nyumbani ulifunga na ofisi ikafungua. Alijua hivyo, na ilimuumiza kuliko alivyokubali. Aliandika mstari mmoja, akausogeza kwa Insa.

*Bi Dirksen, kwa heshima naomba utekeleze wajibu wa muuzaji kwa mujibu wa sheria.*

Insa alitabasamu kama watu wanavyotabasamu wakisoma barua ya mtoto kwa meya. Kisha akausoma tena, na tabasamu likaondoka.

Watu wa nchi ile wana vitu viwili wanavyoviita kwa jina moja. Waranti ni hisani ya aliyetengeneza: anaitoa kwa kupenda kwake na kuifunga kwa masharti ayatakayo. Wajibu wa muuzaji si hisani ya mtu. Sheria imeuweka mabegani mwa aliyeuza, na katika mwaka wa kwanza si mnunuzi anayetakiwa kuonyesha kwamba hakuharibu. Muuzaji ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba mnunuzi aliharibu, na akishindwa, atengeneze. Insa aliyajua hayo. Kila mwenye duka anayajua. Lakini mdomoni kila mtu husema waranti, Focko alisema hivyo, marehemu baba yake alisema hivyo, na lile jina refu la sheria halionekani ila kwenye karatasi. Theda, aliyebakiwa na karatasi tu, ndiye pekee aliyelitamka.

"Umeliandika makusudi?" Insa alimuuliza.

Theda akainua mabega, akaandika chini yake: *Ndivyo inavyoandikwa.*

Insa alitazama nje ya dirisha. Mwisho kabisa, nyuma ya paa la mwisho, lilionekana lile tuta la udongo linaloizuia bahari. Zamani kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza, na asiyetaka kukitunza alihama. Msemo huo baba yake aliutumia kwa kila jambo, mpaka kwa vyombo vichafu. Insa alikuwa amepeleka kishikwambi kwa kampuni kwa mazoea, akasukuma kipande chake cha tuta kwa mtu wa mbali, na bahari ikaingia kwa Theda.

"Mzee Focko," alisema, "nilikosea njia. Hili ni langu. Lakini lisikie lote. Sasa mimi ndiye wa kuthibitisha kwamba wewe ndiye uliyekiua, na nitajaribu. Nitajaribu kwelikweli. Nikilipata kosa lako nitakwambia."

"Ukilipata nitakushukuru," akasema Focko. "Mimi mwenyewe nalitafuta tangu siku ile."

Alimletea nakala ya kazi yake yote, na Insa akaanza kuisoma mezani, kati ya mteja na mteja. Aliisoma kama mwendesha mashtaka. Alijua programu mbaya inaweza kuua mashine nzima: inaweza kuwasha kioo kwa mwanga mkali mpaka kikaungua, kuilazimisha betri kupokea chaji isiyoiweza, au kuinyima mashine usingizi ikachemka mchana na usiku. Alipanga kuvichunguza vyote, kimoja baada ya kingine, na kutoacha kimoja kwa sababu ya huruma.

Alikuwa ameona kazi za watu wengi waliojifundisha wenyewe. Nyingi zilikuwa kama nyumba ya mtu anayehama: vitu vimerundikwa, njia imezibwa, na mwenyewe tu ndiye anayejua birika liko wapi. Ya Focko haikuwa hivyo. Mwanzoni kabisa alikuwa ameandika alichukua nini kwa nani, na kuwashukuru wote kwa majina yao ya mtandaoni, hata mmoja aliyejiita Viazi Baridi. Kila alipobadilisha kitu aliweka maelezo pembeni, kwa Kiplatt, akikiandika kama kinavyosikika kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Ilibidi Insa asome kwa sauti ya chini ili aelewe.

Penye mwanga wa kioo, mzee alikuwa ameupunguza chini ya kiwango cha kampuni. Pembeni aliandika kwamba macho ya Theda hayapendi jua usoni. Penye usingizi wa mashine, alikuwa ameifanya ilale mapema zaidi, na iamke ikiguswa popote, kwa sababu mwenye hasira hatafuti kitufe. Insa akaendelea mpaka kwenye sehemu ya chaji, ndiyo aliyoishuku zaidi. Pale alikuta mistari yote ya kampuni kama ilivyokuwa, na juu yake maneno ya Focko:

*Hapa sijagusa kitu. Sipaelewi. Maji usiyoyajua, usiyafungulie lango.*

Hakumwamini hivihivi. Aliichukua programu ya awali ya kampuni na kuzilinganisha sehemu hizo mbili kwa kompyuta, herufi kwa herufi. Zilikuwa sawa. Akajiegemeza kwenye kiti. Aliwahi kukutana na mafundi hodari wasioweza kuandika neno *sipaelewi* hata kwa kuchongewa penseli. Mzee huyu alikuwa ameliandika mahali ambapo hakutegemea kusomwa na mtu, akapapita kando, na kwa kupapita ndiyo akapalinda.

Tangu hapo hakusoma tena kwa kushuku tu. Alijikuta anafungua hata sehemu zisizohusika, kwa raha ya kuona zilivyopangwa, kama mtu aliyeingia jikoni mwa mwenzake kutafuta uchafu akaishia kupekua viungo. Kosa alilipata, moja, dogo, lisilodhuru. Akaliweka moyoni, maana alikuwa ameahidi.

Kishikwambi chenyewe alipokiunganisha na kompyuta kilijibu. Kilikuwa hai ndani, kimefumbwa macho tu. Akakifungua mgongo. Kutoka kwenye ubao wa umeme kwenda kwenye kioo kulikuwa na utepe mwembamba wa nyaya, na mahali ulipokunja kona ulikuwa na mstari mweupe, kama karatasi iliyokunjwa kwa ukucha. Pengine ulikunjwa vibaya tangu kiwandani, ukawa unakatika nyuzi kidogokidogo. Pengine. Shaka si uthibitisho, na utepe wa kujaribia hakuwa nao. Kampuni haikuviuza vipuri vile kwa maduka madogo.

Akampigia simu Kilian Häberle, mwakilishi wa kampuni, aliyepita madukani kila msimu na gari lililojaa vifaa vya maonyesho. Alikuwa mtu wa kusini, kutoka Uswabi, mwenye shati lililopigwa pasi na adabu isiyopungua. Insa alimwambia kuna mteja anayetaka kumwona, na kwamba mteja huyo amesema mazungumzo yatafanyikia jikoni kwake, kwa chai. Hakumwambia kwamba mteja amesema hivyo kwa penseli.

Walikutana kwenye nyumba ya zamani ya mtunza pampu, nje ya mji, mferejini. Häberle aliingia akiwa na bashasha.

"Moin moin."

"Moja inatosha," Focko akamnong'oneza Insa. "Ya pili ni porojo."

Theda alitenga vikombe. Aliweka bonge la sukari ngumu katika kila kimoja, akamimina chai juu yake na sukari ikapasuka kwa mlio mdogo, kisha akateremsha malai ukingoni kwa kijiko, ikazama na kuibuka kama wingu. Häberle akashukuru, akachukua kijiko, akakoroga. Theda alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni wa heshima. Chai ya pwani ile haikorogwi.

Häberle aliijua kesi ile kabla ya kuja. Alisema bila kuzunguka kwamba hana la kufanya. Masharti ya waranti hakuyaandika yeye, na hana uwezo wa kuyakunja kwa mmoja bila kuulizwa kwa nini hakuyakunja kwa wengine. Alisema kwa upole, akimtazama Theda na si mumewe, na Insa akamheshimu kwa hilo. Kikombe chake kilipokwisha Theda alimjazia.

"Mimi siombi waranti," Insa alisema.

Häberle alisimamisha kikombe njiani.

"Kwangu hamdaiwi kitu," akaendelea. "Niliyeuza ni mimi, wajibu wa muuzaji ni wangu, na nitautimiza. Nataka tu kujua kilichokiua ni nini. Kwenye gari lako una kishikwambi cha maonyesho kama hiki, chenye programu yenu wenyewe na kufuli lenu wenyewe. Niazime."

"Ukifanyie nini?"

"Nikifungue."

Mgeni akanywa taratibu. Theda akamjazia cha tatu, sukari ikapasuka. Ilikuwa wazi usoni mwa Häberle kwamba anatafuta katazo, na kwamba halioni. Kwenye waranti mikono yake ilikuwa imefungwa kila kidole. Lakini kumwazima mwenye duka kifaa cha maonyesho, nani aliwahi kukaa chini akaliandikia sheria?

"Hilo," alisema mwishowe, "hakuna aliyewahi kunikataza."

Akaenda garini. Insa alitandaza kitambaa mezani, akavilaza vishikwambi viwili ubavu kwa ubavu, akavifungua migongo. Alieleza anachofanya kadiri alivyokifanya, kwa sauti yake ileile ndogo. Atautoa utepe wa kile kizima na kuutia kwenye cha Theda, na utepe wa Theda kwenye kile kizima. Programu hazitaguswa, kila moja ibaki mwilini mwake. Ugonjwa ukiwa wa programu ya mzee Focko, utabaki na cha Theda. Ukiwa wa utepe, utahama nao.

Focko alikuwa ameficha mikono chini ya meza. Häberle alijaribu kukunja mikono ya shati, akaacha, maana kikombe kilikuwa kimejaa tena. Akanywa. Theda akamimina. Akanywa. Aliomba kuonyeshwa choo, akarudi akakuta kikombe kinafuka moshi. Focko alimtazama kwa heshima iliyokuwa ikiongezeka.

"Kwa mtu wa kusini," alimwambia Insa, "anakunywa vizuri sana."

Insa naye, akiwa ameinamia tepe zake, alifikiri vivyo hivyo. Watu wa pwani ile hunyonya jambo hili pamoja na maziwa ya mama: aliyetosheka hulaza kijiko ndani ya kikombe, na mpaka hapo mwenye nyumba atamimina. Hakuna anayekumbuka kufundishwa, na kwa hiyo hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni. Kijiko cha Häberle kilikuwa kimelala sahanini tangu mwanzo, kikavu na chenye adabu.

Theda ndiye aliyegundua. Alimtazama mgeni, akakitazama kijiko, akalitazama birika mkononi mwake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Aliunyosha mkono kuelekea penseli, akaigusa, kisha akaurudisha mkono. Kuna mambo hayaandikiki kwa lugha ya ofisi. Akamimina.

Insa alikifunga kwanza kishikwambi cha maonyesho. Akakibonyeza. Cheusi. Akamkabidhi Häberle, naye akabonyeza mwenyewe, akaendelea kushikilia kitufe kuliko ilivyohitajika, akakisogeza sikioni kana kwamba kingemnong'oneza.

"Programu ya hiki hakuna aliyeigusa," Insa alisema.

"Hakuna," akakubali. "Kimetoka kwetu hivi." Akakilaza mezani. "Basi ni utepe."

Kisha Insa akakifunga cha Theda. Alibonyeza. Kioo kilibaki cheusi, na saa ya ukutani ikaendelea kugonga. Kisha mwanga ukaja kutoka chini, mdogo, usio mkali, kiwango cha macho ya Theda, na vile vipande vya mkate vikajipanga kimoja kimoja.

Insa hakumpa Focko. Alimpa mwenyewe.

Theda alikishika kwa mikono miwili. Focko alisogeza kiti chake karibu, uso ukiwa tayari kupokea, na Insa akainama kukusanya skrubu ili asiwatazame. Theda alifungua ukurasa wenye picha ya kofia ya mumewe. Akaupita. Akafungua ukurasa mwingine, akatafuta, akabonyeza picha ya kikombe. Sauti ya kike ikatoka, nene kidogo, ya mtu aliyezoea kuita kupita upepo, na nyuma yake birika likichemka:

"Mwanangu, ukishiba weka kijiko kikombeni. La sivyo nitakumiminia mpaka upasuke."

Häberle hakujua Kiplatt. Focko akamtafsiria, na katikati ya tafsiri sauti yake mwenyewe ikakatika, akamalizia kwa kuonyesha kwa kidole: kijiko, kikombe. Mgeni aliangalia kijiko, akaangalia birika, akamwangalia mama wa nyumba. Kisha akakichukua na kukilaza ndani ya kikombe kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka jiwe la msingi.

"Tangu kikombe cha pili," alisema, "nilikuwa namwomba Mungu birika likauke."

Theda alicheka kicheko chake kisicho na sauti, mpaka skafu ikalegea. Focko alicheka kwa niaba ya wote wawili.

Baadaye Häberle alikifunga kile kishikwambi chake kilichokufa ndani ya sponji. Utepe mzima ubaki ulipo, alisema. Hiki alichonacho nacho kina waranti, na programu yake ni ya kampuni yenyewe. Atakipeleka kiwandani mwenyewe na kuwaonyesha ile kona iliyokunjwa. "Wakitaka kumlaumu mtumiaji," alisema, "itabidi wanilaumu mimi, na mimi sijui kubadilisha hata mlio wa simu." Kabla ya kuondoka aliomba kuonyeshwa kazi ya Focko. Insa akamfungulia ile sehemu ya chaji na kumsomea yale maneno kwa Kijerumani. Häberle akaomba asomewe tena. Kisha alimpa mzee mkono, akiwa amekwisha kumpa mara moja alipoingia.

Gari lake lilipopotea nyuma ya mfereji, Insa akakumbuka ahadi.

"Mzee Focko. Kosa nimelipata."

Focko akakaa wima.

"Kwenye programu unaiuliza mashine ni saa ngapi, halafu kabla hujaisikia ikijibu, unaiuliza tena. Kila mara, mara mbili. Haidhuru kitu."

Mzee alifikiri, midomo ikitembea. Akaliona. Akaivuta ile penseli ya mkewe na bahasha, akaandika, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi. "Nilijua tu," alisema. "Nilijua pana kitu."

Theda alikuwa amerudi kwenye ukurasa wa kofia. Alibonyeza bila hata kutazama, na sauti yake ikajaa jikoni:

"Si nilikwambia?"

Focko aliweka penseli chini, akaegemea nyuma, akafumba macho kusikiliza mpaka mlio wa mwisho wa birika ndani yake ukaisha. Kisha akamwomba arudie.

Kijiko cha Insa kilikuwa bado sahanini. Alikiacha hapohapo, akasogeza kikombe mbele.